Nilivyofanywa Mkurugenzi Nikiwa kwa Karai

Nilimfulia yule bwana miaka sita. Nazijua suruali zake zote. Ile ya kijivu iliyokuwa inakwisha katikati ya mapaja, ile nyeusi ya kanisa, ile ya kaki ya kuzungukia ploti mwisho wa mwezi. Kola za mashati yake zilishika utando wa jasho, ukiusugua kwa kidole gumba unatoka vipande vipande kama ukoko wa ugali. Sikuwahi kuona kinyaa. Nguo chafu ni kazi yangu, na kazi yangu naijua kuliko watu wengi wenye ofisi wanavyozijua zao. Kinyaa nilikuja kukijua siku nilipoambiwa kwamba wakati huo wote, mimi nimeinama uani kwake na mikono kwenye povu, yeye alikuwa ndani mezani akijipangusia jina langu.

Nitaeleza kutoka mwanzo, kwa sababu nikianza katikati watu hudhani natunga.

Mimi ni mtu wa Kitui. Shule niliacha darasa la pili, mbuzi wakanihitaji kuliko mwalimu. Nairobi nilikuja nikiwa mama tayari, nikapanga chumba Kibera, pale karibu na Kisumu Ndogo ambapo omena, dagaa wa ziwani, inakuamsha kwa harufu kabla ya jogoo. Nimekaa hapo miaka mingi. Wakati ninaousimulia nilikuwa naishi na mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na mmoja. Mama yake, binti yangu, alikuwa Mombasa kwa kazi ya nyumba, na mtoto alikuwa wangu wa kulea. Huyo mtoto alikuwa wa kwanza darasani muhula hadi muhula, na sisemi hivyo kujisifu. Ama najisifu, basi. Nina haki.

Kila Jumanne na Ijumaa nilitembea kwa miguu kutoka Kibera hadi Kawangware, kwa mwenye ploti mmoja karibu na steji ya hamsini na sita. Ardhi ilikuwa ya baba yake, tangu wakati kulikuwa na mahindi pale. Mbele alikuwa na duka la hadiwea, la misumari na saruji, katikati safu tatu za vyumba vya mabati vya kupangisha, na nyuma kabisa, ndani ya geti, nyumba yake ya mawe. Mzee wa kanisa. Mtu wa kusalimia watu kwa mikono miwili.

Sasa kuna jambo ambalo watu wasiofua nguo za wengine hawalijui. Mama fua haingii kwa boma ya mtu hivi hivi. Anaacha kipande. Unafika asubuhi, unatoa kitambulisho chako, mwenye nyumba anakiweka kwa droo, na ukimaliza kazi na shuka zimehesabiwa ndipo unarudishiwa. Ni kwa sababu wanaogopa wizi. Sisi tuliona ni kawaida. Mimi hata niliona ni heshima, kwamba nina kipande kizuri kisichochanika, nakitoa kwa kitambaa changu, nakiweka mezani kama mtu anayejiamini. Kwa hivyo hesabu mwenyewe. Siku mbili kila wiki, miaka sita, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, kipande changu kilikuwa kwa droo ya mtu na mimi niko nje.

Katika nyumba ile kulikuwa pia na mama yake mzazi, mama mzee sana, amelala chumba cha nyuma. Mwaka wake wa mwisho hakuweza kuinuka. Shuka zake nilikuwa nafua mimi, na mwili wake pia nilikuwa naufuta mimi, ingawa hiyo haikuwa kazi tuliyopatana. Mke wa nyumba alikuwa anashindwa na harufu. Yule mama mzee alikuwa ananiita mwanangu. Tulikuwa tunacheka. Aliniambia siku moja, "Mwanangu, huyu mtoto nilimzaa mimi, lakini tumbo lake sijui lilitoka wapi," akimaanisha kitambi cha mwenye ploti. Alifariki mwaka mmoja na kitu kabla ya uchaguzi ule wa vurugu. Walimzika shambani kwao. Mimi sikwenda maziko, nilibaki nikafua nguo zake zote, kwa sababu nguo za marehemu hazigawanywi bila kufuliwa. Siku mbili kamba zote za uani zilijaa nguo za mtu mmoja.

Basi, ikafika wiki ya kabla ya kura, Desemba ile ya elfu mbili na saba. Ijumaa nimemaliza kazi, naomba kipande, mwenye ploti ananiambia, "Kipande chako nimekiweka salama. Msimu huu vipande vinanunuliwa, mtu anaweza kukunyang'anya njiani. Utakuja kuchukua mambo yakitulia."

Nikamwambia nataka kupiga kura.

"Kura moja itakusaidia na nini, mama? Wacha wakubwa wapigane."

Nikaenda nyumbani bila kipande. Sikupiga kura. Watu wakapanga foleni tangu alfajiri na mimi nimekaa mlangoni nachambua maharagwe kama mtoto asiyefika miaka. Baadaye nilikuja kujua kulikuwa na ofisi mahali iliyomkatalia yule bwana fotokopi na kutaka kuona kipande chenyewe.

Yaliyofuata matokeo, watu kufukuzana kwa kabila, kila mtu anayajua, sina haja ya kuyapaka rangi. Mstari wetu wa vyumba ulishika moto mchana, upande wa juu kwanza. Nilichukua mjukuu, godoro dogo na karai. Watu hucheka nikisema karai, lakini karai ndiyo ilikuwa jiko letu, kitanda cha vyombo na mshahara. Tukaelekea Kawangware, kwa sababu kule ndiko kulikuwa na mtu niliyemjua mwenye geti.

Njiani kulikuwa na vijana wameweka mawe na matairi. Mmoja ana panga, ananyoosha mkono.

"Shosho, kipande."

"Sina."

"Huna ama hutaki tujue wewe ni wa wapi?"

Siku hizo kipande ndicho kilichosema jina lako na kwenu, na kilichosema unapita ama hupiti. Watu wetu wa Kitui hatukuwa wa upande huu wala ule, kwa hivyo pande zote mbili zilitutazama kwa jicho la pembeni. Nikamwambia kipande kiko kwa mtu ninayemfulia. Wakacheka. Mmoja akasema, "Hata mimi changu kiko kwa rais." Mjukuu wangu alikuwa amenishika sketi. Nikasikia mguu wangu una joto, nikaangalia chini, mtoto amejikojolea, msichana wa kumi na mmoja, katikati ya barabara, mbele ya wavulana.

Kilichotuokoa ni lugha. Yule wa panga akasema, "Ongea kikwenu." Nikaongea kikwetu. Nikamtukana kwa kikwetu, tusi refu lenye mjomba wake ndani, na kijana mmoja wa nyuma akaanza kucheka kwa sababu alielewa. "Wacha apite, huyu ni wa huko kwetu kabisa." Tukapita. Sijawahi kusahau kwamba nilisimama pale kama mtu asiye na jina, na jina langu wakati huo huo lilikuwa Kawangware, limekaa kwa droo, linafanya kazi.

Mwenye ploti alitupokea. Hilo lazima niseme, na ndilo lililonitia kinyaa zaidi baadaye, kwamba alitupokea vizuri. Alinirudishia kipande changu, akatupa chumba cha mwisho katika safu ya tatu, bila kodi ya nyumba. Akaleta unga. Watu wa kanisa walikuja wakampiga picha akinipa paketi ya unga, na ilibidi niipokee mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amefumba macho. Mimi nikawa nafua kila siku sasa, si Jumanne na Ijumaa peke yake. Mshahara hatukuuongelea. Ungewezaje kuuongelea na watu wanalala kwenye viwanja vya makanisa.

Mjukuu wangu alikojoa godoro kila usiku mwezi mzima. Nililianika kila asubuhi mbele ya wapangaji wote, na hawakusema kitu, hilo nawashukuru. Halafu Februari akapata nafasi shule ya karibu, akapata rafiki wa kuruka kamba naye, na siku moja nikaamka godoro ni kavu. Na siku iliyofuata kavu. Nikahesabu siku tisa kavu. Ukiwa na mjukuu utajua siku tisa kavu ni kitu gani. Chumba kile cha mabati, chenye mlango unaofunga kwa komeo, ndicho kilichomrudisha. Nilijiambia hata kama huyu bwana atanitaka nifue mapazia ya kanisa zima, nitafua, mradi hatutoki hapa.

Wakubwa wakapeana mikono kwenye televisheni. Wiki kadhaa baadaye, mchana, niko uani, wakaja watu wawili wa ofisi ya kodi ya serikali. Mmoja mwanamke kijana, miwani, faili kifuani, viatu vya kisigino kwenye tope letu. Mwingine mwanamume mnene ambaye hakuongea, alikuwa anapiga miayo tu. Wakawaambia wapangaji wanamtafuta nani, wakasema jina langu lote, majina matatu, na wakaongeza, "mkurugenzi".

Jirani yangu, mwanamke anayeuza chapati mlangoni, akaita kwa sauti, "Dairekta, una wageni."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nikapangusa mikono, nikasema, "Ni mimi. Nani amekufa?"

Yule msichana wa miwani akaangalia karai, akaangalia faili, akaangalia karai tena. "Mama, una kitambulisho?" Nikampa. Akasoma namba moja moja na kidole. "Ni wewe," akasema, kama mtu aliyekula kitu kibaya.

"Ni mimi wapi?"

Akaomba kiti. Hakukuwa na kiti, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hapo nikampenda kidogo. Akanieleza polepole, na mimi nitawaeleza alivyonieleza, maana sijasikia mtu mwingine akieleza vizuri hivyo.

"Mama, zamani kila ofisi ilikuwa na kitabu chake. Ofisi ya kampuni ina majina ya wakurugenzi. Ofisi ya vitambulisho ina yake. Bandarini wana yao, nani ameleta mzigo gani. Sisi wa kodi tuna yetu. Hivi vitabu vilikuwa haviongei. Sasa tumeanza kuviingiza kwa kompyuta, tunaviweka kando kando, na kompyuta inaangalia mtu mmoja anatokea wapi na wapi. Wewe umetokea."

"Nimetokea nikifanya nini?"

"Ukileta makontena ya vigae."

Yule wa chapati akasema, "Na unaninyima sabuni."

"Kampuni ina wakurugenzi wawili," msichana akaendelea. "Wewe ni mmoja. Imeleta vigae miaka mitatu, imeuza, haijalipa kodi hata shilingi. Sasa kawaida mtu wa vigae ana kitu. Hata akificha, kuna mahali atatokea, ana gari, ana shamba lenye hati, ana akaunti. Wewe uko kwa kampuni na uko kwa kitambulisho. Kwingine kote hauko. Hujawahi kumiliki kitu katika nchi hii."

"Nina karai," nikasema.

"Karai haiko kwa kompyuta. Ndiyo maana nikasema nije nikuone kwa macho."

Nilikaa chini. Niliona kinyaa kikianzia kwa vidole na kupanda, kama vile umeingiza mkono kwa maji ya karai ukashika kitu laini usichokijua. Wakati chumba changu kinaungua hakuna ofisi iliyonitafuta. Nilipopanga foleni ya blanketi waliniambia sina namba. Lakini nilipotokea kwa vigae, serikali ilinipata hadi nyuma ya choo cha ploti, na majina matatu, na mwaka niliozaliwa ambao hata mimi mwenyewe nilikisiwa.

"Na huyo mwingine?" nikauliza. "Mkurugenzi mwenzangu."

Akasoma jina. Lilikuwa la mama mzee.

Hapo mwenye ploti akatokea, bila shaka aliambiwa kuna wageni. Alikuja akitembea haraka, kisha alipokaribia akapunguza mwendo ili aonekane hana haraka. Akasalimia kwa mikono miwili. Akasema huyu mama, yaani mimi, ni mtu wake wa karibu, ni mfanyabiashara mdogo, ameathiriwa na vurugu na hajatulia kichwa, warudi siku nyingine. Msichana wa miwani akasema watarudi baada ya siku mbili na karatasi ya kuandikia maelezo, na kwamba angependa pia kumwona mama mzee. Mwenye ploti akamjibu bila kumeza mate, "Mama yangu yuko shamba. Ni mgonjwa, haongei vizuri, lakini yuko."

Yuko. Nilisikia hilo neno na sikumtazama usoni, nilitazama suruali, ile ya kaki, niliyoipiga pasi jana yake.

Walipoondoka aliniita ndani. Sebuleni, mahali nilipozoea kupita na ndoo tu. Mke wake akaleta chai kwa vikombe vya wageni. Nilijua hapo kwamba ni mbaya.

"Mama," akaanza, "usishtuke. Ni mambo ya makaratasi tu. Jina lako nilikopa kidogo."

"Ulinikopa mimi?"

"Jina. Kampuni inataka watu wawili, na mimi nilikuwa na shida na benki yangu, sikuweza kuandika langu. Wewe uko hapa kila wiki, ni mwaminifu. Hata nikawa nasema moyoni, siku moja nitamwambia."

"Na mama yako? Umeendelea kumkopa akiwa kaburini?"

Mke wake akaweka kikombe chini. "Usiongee hivyo kwa nyumba ya watu."

Mwenye ploti akasogea mbele kwa kiti. "Sikiliza. Wakirudi, sema ndiyo, wewe ni mkurugenzi, biashara iliharibika na vurugu, vitabu viliungua Kibera. Nyumba yako si iliungua? Basi. Na mama sema unamjua, yuko shamba. Hawatakufanya kitu. Wewe huna kitu cha kuchukuliwa."

Alisema vile kwa upole kabisa, kama anayenipa habari njema. Wewe huna kitu cha kuchukuliwa. Nilikuwa nimeshika kikombe chao na chai ikageuka mdomoni ikawa maji ya kusuuzia.

"Na chumba," mke wake akaongeza, "chumba ni chako. Bila kodi, hadi huyu mtoto amalize shule. Tutakuandikia."

Nikauliza kama nisiposema.

Mwenye ploti akatazama dirishani upande wa safu ya tatu, akasema kuna watu wengi sana wanatafuta vyumba siku hizi.

Zile siku mbili sikulala na sikula vizuri, na sitasema nilikuwa jasiri, kwa sababu sikuwa. Nilifikiria kusema ndiyo. Nilifikiria sana. Ni neno moja, na mtoto ana siku ishirini na mbili kavu. Nilijaribu kujiambia mama mzee hangejali, amekwisha kufa, jina lake halimwumi tena. Halafu nikakumbuka mgongo wake ulivyokuwa na vidonda, nilivyokuwa namgeuza, na mwanawe akisimama mlangoni na leso puani akiuliza kama tumemaliza. Aliyeshindwa kuingia chumbani kwa mama yake akiwa hai alikuwa ameona sasa ni sawa kumtuma bandarini akiwa maiti.

Mjukuu wangu aliniuliza nikimsuka, "Susu, ni kweli wewe ni dairekta?"

"Nani amekuambia?"

"Watoto wote. Wanasema una pesa unaficha kwa karai."

"Si kweli."

"Sasa utawaambia si kweli?"

"Nikiwaambia tutatoka hapa."

Nilikuwa nyuma yake, sikuona uso. Akasema, "Turudi Kibera?"

"Labda Kibera."

"Kule walikochoma?"

"Huko huko."

Akainamisha kichwa nimalizie mstari wa mwisho. Sikumwuliza anataka nini. Si haki kumpa mtoto mzigo kama huo halafu ukasema ni yeye aliyeamua.

Walikuja siku waliyosema. Mwenye ploti alisimama karibu na tanki la maji, mikono mgongoni, na wapangaji walijitafutia kazi za uani, hata wale ambao huwa hawafagii. Msichana wa miwani akafungua faili juu ya magoti.

"Mama, hii saini ni yako?" Akanionyesha karatasi. Saini ilikuwa kubwa, imejikunja na kujikunjua, ina mkia.

"Mimi sijui kuandika," nikasema. "Naweka dole." Na ilikuwa kweli wakati huo. Kuandika nilijifunza baadaye, kwa darasa la kanisa, na ndiyo sababu leo sikumwomba mtu aniandikie haya.

Akatazama karatasi zote, moja baada ya nyingine, zote zina ile saini yenye mkia. Yule mwenzake mnene akaacha kupiga miayo. Msichana akasema, "Upande wako hiyo inanitosha, mama. Utaweka dole hapa kwamba hukuwahi kutia saini, na wewe utatoka kwa hii faili."

Nikaona mlango umefunguka. Ningeweka dole na kunyamaza. Hata mwenye ploti alilegeza mabega, labda alihesabu kwamba mimi nikitoka, yule mwingine aliye shamba atabeba. Lakini msichana alikuwa hajafunga faili.

"Swali moja. Huyu mkurugenzi wa pili. Kuna karatasi ya kifo kutoka kwa chifu wa huko kwao, jina ni hilo, lakini haikuandikwa namba ya kitambulisho. Bwana hapa anasema ni mtu mwingine mwenye jina sawa, na mama yake yuko hai. Kompyuta ikifika hapo inakwama. Inataka mtu aliyemjua. Wewe ulimjua?"

"Nilimjua."

"Yuko hai?"

Mwenye ploti akakohoa. Mke wake alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na funguo za vyumba mkononi, zote, kwa ule mduara wao wa waya.

"Nilimfulia hadi mwisho," nikasema. "Alikufa kwa chumba kile chenye dirisha la kijani, asubuhi, mimi nikiwa nimemshika kichwa ili anywe uji. Nguo zake nilizifua zote siku mbili, zikagawanywa kwa jamaa. Hii sweta niliyovaa ni yake, nilipewa na huyu bwana mwenyewe kwa mkono wake. Mwulize kama ameisahau. Kwa kiwiko kuna mahali palipochanika mama alipoanguka bafuni, nikashona mimi."

Nikainua kiwiko. Uani hata chapati haikugeuzwa.

Mwenye ploti akasema, "Huyu mama amechanganyikiwa. Nyumba yake iliungua."

"Iliungua," nikasema. "Na wewe ulitaka kuandika vitabu vyako viliungua ndani yake. Chumba futi kumi kwa kumi. Ulitaka niseme kilikuwa na kampuni."

Mtu mmoja upande wa choo akacheka kwa pua. Msichana wa miwani aliandika yote, akanisomea sentensi kwa sentensi, akaniuliza kama ni hivyo. Mahali pamoja nilimrekebisha, alikuwa ameandika mama alikufa hospitali. Nikaweka dole. Wino ulikuwa wa zambarau, na nilipangusa kwa sketi yangu mwenyewe.

Walipotoka nje ya geti, mke wa mwenye ploti alikuja moja kwa moja hadi safu ya tatu. Hakupiga kelele. Alisema, "Toa vitu vyako," akasimama hapo akingoja, kama mimi nilivyongoja miaka sita shuka zikihesabiwa. Kwa karai kulikuwa na mashati matano ya mumewe yameloweka na ile suruali nyeusi ya kanisa. Sijawahi maishani mwangu kuacha nguo za mtu kwenye povu. Siku hiyo niliinua karai, nikamwaga kila kitu pale pale chini, maji na mashati, kwa sababu karai ilikuwa yangu.

Mjukuu alirudi kutoka shule akanikuta nimeketi juu ya godoro nje ya ploti, kando ya barabara. Aliweka begi lake ndani ya karai na kuanza kukunja blanketi. Yule wa chapati alileta chapati nne kwa gazeti, akakataa pesa. Akasema, "Dairekta, sasa unahamisha ofisi?"

"Nimestaafu," nikamwambia.

"Na pensheni?"

"Umeileta wewe, iko kwa gazeti."

Alicheka halafu akalia, halafu akakasirika kwa kulia. Aliniambia, ungenyamaza tu, mama. Kila mtu hapa anajua yule mama mzee alikufa, na kila mtu amenyamaza, na kila mtu ana mlango. Nilimwambia ni kweli, kila mtu ana mlango.

Mkokoteni ulitupeleka hadi mahali fulani, tukamaliza kwa miguu. Kibera chumba tulichopata kilikuwa kidogo kuliko kile kilichoungua, karibu na mtaro, na kodi yake ilikuwa juu kwa sababu vyumba vilikuwa vichache. Usiku wa kwanza mtoto alikojoa. Na wa pili. Nilianika godoro juu ya mtaro na nikalilinda mbwa wasilipandie. Sikuwa na uchungu na Mungu wala na serikali ya kompyuta, nilikuwa na uchungu na lile godoro tu, lilivyokuwa zito.

Yule bwana sijui walimfanya nini. Nilisikia hadiwea ilifungwa miezi kadhaa, halafu ikafunguliwa kwa jina la mtu mwingine, na mimi nikajiuliza ni nani anayemfulia sasa.

Wiki ya tatu Kibera, mjukuu wangu aliamka kabla yangu. Niliposhtuka alikuwa amekwisha kutoa shuka na amesimama nayo mlangoni, akiipapasa huku na huku kwa viganja, akitafuta mahali palipolowa. Hakupata. Akaniambia, "Susu, leo usianike godoro," akaikunja shuka mwenyewe, akaenda shule.